Kutoka Kliniki Hadi Buchani: Modeli za Mahitaji ya Nyama na Ushauri wa Lishe kwa Mgonjwa

Utangulizi

Katika kliniki zetu nyama hutajwa karibu kila siku. Mama mjamzito aliyepungukiwa damu huambiwa ale nyama na maini. Mzee mwenye jongo huambiwa apunguze nyama nyekundu na aache kabisa figo na maini. Mgonjwa wa shinikizo la damu huambiwa aachane na soseji kwa sababu ya chumvi iliyomo. Mzazi wa mtoto wa miezi minane huambiwa amchanganyie mwanawe nyama iliyosagwa katika chakula.

Ushauri huu una msingi katika elimu ya tiba. Hata hivyo, kila mmojawapo ni ushauri wa manunuzi pia, kwa maana unamtaka mtu anunue kitu fulani zaidi, akipunguze, au anunue kingine mahali pake. Kufuatwa au kutofuatwa kwake huamuliwa kwa kiasi kikubwa buchani, sokoni na jikoni, kwa kutegemea fedha iliyopo, bei ya siku hiyo na idadi ya watu wanaosubiri chakula.

Uchumi una tawi linalochunguza maamuzi ya namna hiyo kwa vipimo na hesabu, nalo huitwa uchambuzi wa mahitaji ya walaji. Makala hii inaeleza misingi yake kwa kutumia mfano wa nyama, ili mtaalamu wa afya aweze kuitumia anapotoa ushauri, na mgonjwa aelewe kwa nini ushauri uleule humfaa mmoja na kumshinda mwingine. Makala inaonesha pia kikomo cha modeli hizo: zinapima kinachoingia jikoni, lakini hazioni kinachofika katika sahani ya mtu mmoja mmoja. Kazi ya kuitazama sahani hiyo ni ya mhudumu wa afya.

Neno moja, maana mbili

Katika Kiswahili neno "mahitaji" hubeba maana mbili ambazo hapa hatuna budi kuzitenganisha. Daktari anaposema mahitaji ya madini ya chuma, anakusudia kiasi ambacho mwili unapaswa kupata ili ufanye kazi yake. Mchumi anaposema mahitaji ya nyama, anakusudia kiasi ambacho wanunuzi wako tayari kununua, na wana uwezo wa kukinunua, kwa bei fulani na katika kipindi fulani.

Tofauti hiyo ina uzito. Mama mwenye upungufu mkubwa wa damu na asiye na fedha ana mahitaji makubwa ya mwili, ilhali katika hesabu ya soko mahitaji yake ni sifuri. Soko halimwoni. Kwa upande mwingine, mtu mwenye kipato kizuri na kiwango kikubwa cha asidi ya yuriki katika damu anaweza kuwa na mahitaji makubwa ya soko kwa chakula ambacho mwili wake ungefaidika kwa kukipunguza. Katika makala hii, neno "mahitaji" likisimama peke yake litakuwa na maana ya mchumi.

Chimbuko la uchambuzi huu

Mwaka 1857 mtakwimu wa Kijerumani, Ernst Engel, alichunguza bajeti za familia za wafanyakazi wa Ubelgiji. Aligundua kwamba kadiri familia ilivyokuwa maskini, ndivyo sehemu ya matumizi yake iliyokwenda kwenye chakula ilivyokuwa kubwa. Kanuni hiyo bado inaitwa kwa jina lake, na imethibitishwa katika nchi nyingi kwa zaidi ya karne moja na nusu.

Baada ya hapo wachambuzi waliona kwamba chakula nacho si kitu kimoja. Kipato kinapoongezeka kutoka kiwango cha chini, familia haiongezi unga kwa kasi ileile inavyoongeza nyama, maziwa, mayai na mafuta. Kipato kinapopungua, vyakula hivi ndivyo vinavyotangulia kuondoka mezani, na ugali hubaki. Ndiyo maana nyama ni kipimo kizuri cha hali ya kaya: huingia mapema mambo yanapokaa sawa, na huondoka mapema yanapoharibika.

Mwaka 1980 wachumi Angus Deaton na John Muellbauer walichapisha modeli ambayo hadi leo hutumika sana katika tafiti za chakula. Deaton alitunukiwa Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2015 kwa kazi zake kuhusu matumizi, umaskini na ustawi. Kwa maneno ya kawaida, modeli yao inasema hivi: sehemu ya bajeti ambayo kaya huitumia kwa nyama ya ng'ombe hutegemea bei ya nyama hiyo, bei za vyakula vingine vinavyoweza kuchukua nafasi yake, na kipato halisi cha kaya, yaani kipato kikilinganishwa na gharama za maisha. Watafiti huongeza mambo mengine yanayobadilisha uchaguzi, kama vile ukubwa wa kaya, umri wa watu wake, makazi ya mjini au kijijini, majira na sikukuu. Imani nayo huhesabiwa: kwa familia ya Kiislamu, kushuka kwa bei ya nyama ya nguruwe hakuwezi kupunguza ununuzi wa nyama ya ng'ombe.

Uzuri wa modeli hii ni kwamba inatazama vyakula vyote kwa pamoja. Shilingi iliyoongezwa kwenye nyama lazima iwe imetolewa mahali pengine. Hilo ni jambo ambalo sisi wa hospitalini hulisahau kwa urahisi tunapoandika ushauri wa lishe.

Unyumbufu: kipimo cha mwitikio

Kipimo kikuu katika uchambuzi huu ni unyumbufu. Unyumbufu wa bei hueleza kiasi kinachonunuliwa hubadilika kwa asilimia ngapi pale bei inapobadilika kwa asilimia moja. Unyumbufu wa kipato huuliza swali hilohilo kuhusu kipato. Unyumbufu mtambuka huuliza kiasi cha chakula kimoja hubadilikaje bei ya chakula kingine inapobadilika.

Tuchukue mfano wa kubuni. Kaya moja hununua kilo 4 za nyama kwa mwezi, kwa shilingi 10,000 kila kilo, hivyo hutumia shilingi 40,000. Bei inapanda hadi shilingi 12,000, sawa na ongezeko la asilimia 20. Tazama hali tatu, tukifanya hesabu ya makadirio.

Kama unyumbufu wa bei ni hasi 0.8, ununuzi utapungua kwa asilimia 16. Kaya itanunua kilo 3.36 na kutumia shilingi 40,320. Gharama ni karibu ileile, lakini nyama imepungua kwa zaidi ya nusu kilo.

Kama unyumbufu ni hasi 1.2, ununuzi utapungua kwa asilimia 24. Kaya itanunua kilo 3.04 na kutumia shilingi 36,480. Hapa kaya imeikimbia nyama na kubakiwa na fedha kidogo, ambazo huenda zikaenda kwenye dagaa au maharage.

Kama unyumbufu ni hasi 0.3, ununuzi utapungua kwa asilimia 6 tu. Kaya itanunua kilo 3.76 na kutumia shilingi 45,120. Nyama haikupungua sana, lakini shilingi 5,120 zimetolewa mahali pengine: pengine kwenye mboga za majani na matunda, pengine kwenye nauli ya kwenda kliniki, pengine kwenye dawa.

Hali hii ya tatu inapaswa kutushtua kuliko nyingine. Mgonjwa aliyesisitiziwa sana umuhimu wa nyama anaweza kuing'ang'ania kwa gharama ya kitu chenye manufaa zaidi kwake. Mjamzito anayeacha hudhurio moja la kliniki ili nauli ikanunue nusu kilo ya nyama amepata hasara kubwa. Shirika la Afya Duniani linapendekeza mjamzito apate kila siku miligramu 30 hadi 60 za madini ya chuma pamoja na miligramu 0.4 za asidi ya foliki kwa njia ya vidonge. Nusu kilo ya nyama kwa wiki haiwezi kufikia kiwango hicho hata akiila yote peke yake.

Takwimu zinasemaje? Mwaka 2010 Tatiana Andreyeva na wenzake walichapisha mapitio ya tafiti 160 za mahitaji ya chakula nchini Marekani. Wastani wa unyumbufu wa bei, bila kuandika alama ya hasi, ulikuwa 0.75 kwa nyama ya ng'ombe, 0.72 kwa nyama ya nguruwe, 0.68 kwa kuku, 0.50 kwa samaki na 0.27 kwa mayai. Wamarekani basi hupunguza nyama ya ng'ombe bei inapopanda, lakini mayai huendelea kuyanunua karibu kama kawaida.

Takwimu hizo hazifai kuhamishiwa kwetu moja kwa moja. Uchambuzi wa tafiti za nchi nyingi uliochapishwa katika jarida la BMJ mwaka 2013 ulionesha kwamba katika nchi maskini watu hupunguza chakula zaidi bei inapopanda kuliko katika nchi tajiri. Kwa nafaka, unyumbufu ulikuwa hasi 0.61 katika nchi za kipato cha chini na hasi 0.43 katika nchi za kipato cha juu. Sababu ni ileile aliyoiona Engel: pale ambapo chakula kimeshachukua sehemu kubwa ya bajeti, hakuna mahali pengi pa kukata.

Ugonjwa ni badiliko la kipato

Unyumbufu wa kipato una somo la pekee kwetu. Tuseme unyumbufu wa kipato wa nyama katika kaya fulani ni 1.2. Kipato kikipungua kwa asilimia 10, ununuzi wa nyama utapungua kwa asilimia 12. Sasa fikiria baba ambaye ni fundi ujenzi, amelazwa wiki tatu, hana malipo ya likizo, na familia imetumia akiba kwa matibabu. Kipato cha kaya huenda kimeshuka kwa nusu. Siku anaporuhusiwa kutoka wodini anaambiwa ale vizuri: nyama, samaki, mayai, maziwa na matunda.

Kwa mtazamo wa mwili, ushauri huo umekuja kwa wakati unaofaa. Kwa mtazamo wa mahitaji, umekuja wakati mbaya kuliko wote, kwa kuwa ugonjwa wenyewe umeiondoa kaya katika kundi la wanunuzi wa nyama. Mgonjwa asiyefuata ushauri wa namna hiyo mara nyingi huandikwa kuwa hazingatii. Modeli ya mahitaji ingetabiri jambo hilo kabla hajatoka mlangoni.

Nini huchukua nafasi ya nyama?

Bei ya nyama inapopanda, au daktari anapoikataza, sahani haibaki wazi. Kitu huchukua nafasi yake, na kwa afya kitu hicho kina uzito sawa na nyama yenyewe. Unyumbufu mtambuka ukiwa chanya, vyakula viwili ni mbadala: nyama ikipanda, dagaa hununuliwa zaidi. Ukiwa hasi, vyakula hivyo huenda pamoja: nyama ikipanda, huenda hata mchele wa pilau ukapungua.

Tuanze na upungufu wa damu. Madini ya chuma yaliyomo katika nyama hufyonzwa na mwili kwa kiasi cha asilimia 15 hadi 35. Yale ya mimea, kama vile maharage na mchicha, kwa kawaida hufyonzwa kwa chini ya asilimia 10, na hutegemea sana kinacholiwa pamoja nayo. Limau, chungwa na vyakula vingine vyenye vitamini C huongeza ufyonzwaji. Chai inayonywewa pamoja na mlo huupunguza. Aidha, nyama kidogo ikiliwa pamoja na maharage husaidia mwili kufyonza madini ya chuma ya maharage hayo. Kwa hiyo kaya inayohama kutoka nyama kwenda maharage bado ina njia, alimradi ielezwe kuhusu limau na kuhusu chai. Kaya inayohama kutoka nyama kwenda ugali na mchuzi mtupu haina njia hiyo.

Tuje kwenye jongo. Mzee anaambiwa aache nyama nyekundu, na mbadala ulio karibu na wenye bei ndogo katika soko lake ni dagaa. Lakini samaki wadogo wa jamii ya dagaa, sawa na maini na figo, wana purini nyingi, na purini ndiyo inayogeuka kuwa asidi ya yuriki. Mzee ametii agizo, na bado kidole gumba cha mguu kinavimba. Ushauri uliofikiria mbadala ungetaja mapema kinachofaa kuchukua nafasi ya nyama: mayai, maziwa yenye mafuta kidogo, na jamii ya kunde.

Kwa mgonjwa wa shinikizo la damu hali ni hiyohiyo. Akiacha soseji na kuhamia ng'onda au samaki mwingine wa chumvi, bado yuko mbali na kiwango cha chumvi cha chini ya gramu 5 kwa siku kinachopendekezwa na Shirika la Afya Duniani. Afisa lishe anayeuliza "ukiacha hicho utakula nini?" anatafuta unyumbufu mtambuka bila kuutaja kwa jina.

Bei na habari katika sera

Serikali nazo hutumia elimu hii. Denmark ilianza Oktoba 2011 kutoza kodi ya krona 16 kwa kila kilo ya mafuta shibe yaliyomo katika vyakula, ikiwemo nyama, siagi na jibini. Kodi hiyo ilifutwa kuanzia Januari 2013, baada ya malalamiko kuhusu ugumu wa kuisimamia na kuhusu wananchi waliovuka mpaka kwenda kununua Ujerumani na Uswidi. Hapa mbadala wa siagi yenye kodi ulikuwa siagi ileile katika duka la nchi jirani.

Habari pia hubadilisha mahitaji bila bei kuguswa. Mwaka 2015 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani liliziweka nyama zilizosindikwa, kama vile soseji na bekoni, katika kundi la vitu vinavyothibitika kusababisha saratani kwa binadamu. Shirika hilo lilikadiria kwamba kila gramu 50 za nyama hizo zinazoliwa kila siku huongeza hatari ya saratani ya utumbo mpana kwa takriban asilimia 18. Asilimia hiyo ni nyongeza juu ya hatari aliyokuwa nayo mtu, na haimaanishi kwamba watu 18 katika kila 100 watapata saratani. Mhudumu anayeinukuu hana budi kuieleza hivyo.

Afrika Kusini ilipata tukio la haraka zaidi. Katika mlipuko wa listeriosisi wa mwaka 2017 na 2018, wagonjwa 1,060 walithibitishwa na 216 miongoni mwa waliofahamika hali zao walifariki. Machi 2018 chanzo kilitangazwa kuwa nyama ya kusindikwa aina ya poloni. Poloni ni chakula cha bei ndogo ambacho familia nyingi za kipato cha chini hutegemea. Tangazo lilikuwa la lazima kwa kuokoa maisha. Hata hivyo, kwa familia iliyokuwa ikinunua poloni kwa sababu ya bei, kuambiwa iiache kuliacha swali la fedha palepale lilipokuwa.

Mambo ambayo modeli haiyaoni vizuri

Takwimu za modeli hizi hutoka zaidi katika tafiti za bajeti za kaya. Kwetu Tanzania Bara, Ofisi ya Taifa ya Takwimu hufanya Utafiti wa Mapato na Matumizi ya Kaya Binafsi, na mmojawapo ulifanyika mwaka 2017/18. Mtumiaji wa takwimu za namna hii anapaswa kujua mambo manne.

Kwanza, kuna kaya nyingi ambazo katika siku za utafiti hazikununua nyama kabisa. Sifuri hiyo inaweza kumaanisha kwamba haziwezi kumudu, kwamba hazili nyama kwa hiari, au kwamba zilinunua juzi. Mchumi James Tobin alipendekeza mwaka 1958 njia ya kihesabu ya kushughulikia sifuri za aina hii, lakini hesabu haiwezi kuuliza sababu. Mhudumu anaweza.

Pili, nyama hutofautiana. Mmoja hununua steki; mwingine nyama ya mifupa, utumbo, au makongoro; mwingine hununua vichwa na miguu ya kuku. Ukigawa fedha kwa kilo utadhani wamekutana na bei tofauti, ilhali wamechagua vitu tofauti. Bei ikipanda, wengi hawapunguzi kilo, hushuka daraja.

Tatu, nyama inayoliwa nje ya nyumbani, kama vile mishikaki, supu ya asubuhi au nyama choma ya jioni, huponyoka kwa urahisi katika kumbukumbu za kaya. Katika mazingira yetu mara nyingi mlaji wake ni mwanamume mwenye fedha mfukoni.

Nne, na hili ndilo kubwa kwa tabibu, modeli huhesabu kaya. Tuseme kaya ya watu sita imenunua nusu kilo ya nyama isiyo na mifupa. Wastani ni takriban gramu 83 kwa kila mtu. Lakini baba akipakuliwa gramu 200, mama 100, na watoto wanne 50 kila mmoja, jumla ni ileile gramu 500, na hakuna mtoto aliyeufikia wastani. Mdogo wao, ambaye hajui kutafuna vizuri, huenda akapewa mchuzi tu na vipande vyake vikaliwa na kaka zake.

Uzito wa jambo hili unaonekana katika takwimu za afya. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2015/16 nchini Tanzania ulikuta asilimia 45 ya wanawake wenye umri wa miaka 15 hadi 49, na asilimia 58 ya watoto wa miezi 6 hadi 59, wana upungufu wa damu. Si upungufu wote wa damu unaotokana na chakula. Malaria, minyoo, selimundu na kutokwa damu nyingi vina sehemu yake, na kila mgonjwa anastahili kuchunguzwa. Lakini pale chakula kinapohusika, swali la nani anapakuliwa nini ni swali la tiba.

Maswali matano ya kuuliza kliniki

Mhudumu wa afya hahitaji kompyuta ili kunufaika na elimu hii. Maswali yafuatayo huchukua dakika chache, na majibu yake hutosha kuubadilisha ushauri wa jumla kuwa ushauri wa mtu huyu.

1. Nyumbani kwenu kitoweo cha nyama, kuku au samaki hununuliwa mara ngapi kwa wiki, na kwa kiasi gani?

2. Nani huamua kinunuliwe nini, na fedha hutoka kwa nani?

3. Bei inapopanda, au fedha inapopungua, mnanunua nini badala yake?

4. Tangu ugonjwa huu uanze, kipato cha nyumbani kimebadilikaje?

5. Chakula kikiiva, nani hupakuliwa kwanza, na mgonjwa au mtoto hupata nini?

Swali la tano liulizwe kwa staha. Katika familia nyingi kumpa baba au mgeni kipande kikubwa ni heshima, na mhudumu anayeonekana kuikemea desturi hiyo atafungiwa mlango. Ni afadhali kumweleza baba mwenyewe, akiwepo, kwamba mjamzito na mtoto wana dawa yao ndani ya sufuria ileile. Wababa wengi wakielezwa hivyo hutoa kipande chao bila kuombwa mara ya pili.

Kwa wagonjwa na familia

Kama unashauriwa kuongeza nyama na fedha ni kidogo, igawe nusu kilo katika milo mitatu ukiichanganya na maharage au choroko, badala ya kuimaliza kwa mlo mmoja. Gharama haiongezeki, na mwili hufaidika zaidi. Kamulia limau kwenye mboga, na weka chai mbali na mlo kwa muda wa saa moja au zaidi.

Kwa mtoto aliyefikisha miezi sita, twanga au saga kipande chake mpaka kilainike, ukichanganye na chakula chake kabla ya watu wengine kupakuliwa. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2023 unapendekeza mtoto wa miezi 6 hadi 23 apate kila siku chakula kitokanacho na wanyama, ikiwemo nyama, samaki au mayai. Mchuzi peke yake hautoshi. Yai moja au dagaa waliosagwa wanaweza kuwa nafuu kuliko nyama katika soko lako.

Maini yana madini ya chuma kwa wingi, na kiasi kidogo hutosha familia. Mjamzito, hasa katika miezi ya mwanzo, asile maini mengi wala mara kwa mara, kwa kuwa vitamini A ikizidi sana inaweza kumdhuru mtoto aliye tumboni. Asiache vidonge vyake vya kuongeza damu kwa kutegemea nyama.

Kama unashauriwa kupunguza nyama, usiondoke kliniki kabla hujaambiwa ule nini badala yake, na kama kitu hicho hukimudu, sema hapohapo. Kusema hivyo si utovu wa adabu. Ni taarifa ambayo mtabibu wako anaihitaji sawa na anavyohitaji kipimo cha damu.

Hitimisho

Modeli za mahitaji zinatufundisha kwamba mnunuzi wa nyama hufanya hesabu halisi: anapima bei, kipato, mbadala, na watu wa nyumbani mwake. Ushauri wa lishe usioijua hesabu hiyo hugonga ukuta, na lawama humwangukia mgonjwa. Ushauri unaoijua huweza kumsaidia hata mwenye nusu kilo kwa wiki, kwa kuigawa nusu kilo hiyo vizuri zaidi, kuiunganisha na maharage na limau, na kuhakikisha kipande kimoja kidogo kinamfikia yule ambaye mwili wake unakihitaji kuliko wengine.